Besi wa Mwaka 1954

Tangu tulipopanda basi Mzee alikuwa amekumbatia kitu ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isikiguse. Nilidhani ni Biblia. Tulipoketi ukumbini akakitoa taratibu, akakilaza juu ya mkono wa kiti, katikati yetu. Kilikuwa kitabu cha noti. Kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, gundi ya mgongoni imekauka, na juu ya ile mistari mitano ya noti mtu alikuwa ameandika herufi kwa penseli: d, r, m, s. Nukta pacha. Herufi nyingine. Kistari mahali sauti inapovutwa.

"Unazisoma?" Mzee aliniuliza, maana alikuwa ameona midomo yangu ikicheza.

"Nazisoma, Mzee. Ndizo nilizokulia."

Akanitazama vizuri, kama mtu anayeangalia upya jirani aliyemzoea. "Sauti gani?"

"Besi."

Akagonga ule ukurasa kwa kidole. "Hii ni besi. Penseli ni yangu. Mwaka 1954."

Mimi ni muuguzi. Nimekuja Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa kazi, na Mzee alikuwa akikaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Siku moja aliniuliza ukutani, mimi naanika nguo, kama napenda muziki. Nikamwambia nimeimba kwaya ya kanisa tangu nikiwa darasa la tano. Wiki iliyofuata akaja na tiketi mbili za opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa badala ya kusemwa. Binti yake yuko nje ya nchi, goti lake halimruhusu kupanda ngazi bila mtu wa kumshika mkono, na opera yenyewe hakutaka kuikosa kwa namna yoyote. Hakunieleza sababu mpaka pale kitini, alipokifungua kile kitabu.

Ilikuwa Februari 2020. Kampuni ni Welsh National Opera, na opera ni *Les vêpres siciliennes* ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 13 Juni 1855. Mzee aliwahi kuiimba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mchana anafanya kazi katika kiwanda cha mikate, jioni anakwenda mazoezini na unga kwenye nyusi.

Niseme kwanza habari ya hizo herufi, maana bila hizo mimi ningekuwa mgeni tu pale ndani.

Kwetu Musoma kwaya ilifanya mazoezi katika darasa la shule ya msingi, Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi mchana. Kinanda hatukuwa nacho. Mwalimu wa kwaya alikuja na chaki mfukoni, akaandika ubaoni sauti zote nne, moja chini ya nyingine, kwa solfa, yaani herufi za do, re, mi. Alitupa *do* kwa mdomo wake na hatukuwahi kumkuta amekosea. Kisha akaanza na sauti ya nne, ndiyo besi, sauti ya chini kabisa, sisi tuliokaa nyuma karibu na dirisha, kwa sababu alisema nyumba haijengwi kuanzia bati. Tuliimba herufi peke yake. Do, so, la, so. Tena. Tena. Kama mtu angejaribu kuingiza maneno ya wimbo kabla sauti zote hazijashika noti zake, Mwalimu alisimamisha kwaya nzima: "Noti kwanza. Maneno baadaye." Kuna nyimbo tulizoziimba wiki mbili bila kujua zinasema nini.

Nilikuwa nadhani solfa ni mali yetu. Baadaye nikajifunza kwamba mfumo huu ulianzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840, kwa ajili ya watu wasio na fedha ya kununua kinanda wala kulipia mwalimu wa muziki. Herufi zinapigwa chapa kwa mashine yoyote, kwa gharama ndogo. Wamisionari wakaubeba hadi Afrika. Na nyumbani kwao hapakuwa na mahali ulikoota mizizi kama Wales. Huko, kuanzia miaka ya 1860, wachimbaji wa makaa ya mawe na wake zao waliimba sauti nne katika vikanisa vya mabondeni kwa herufi hizi hizi. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi anapiga sururu alirudi nyumbani, akaoga, akaenda kusoma d : m : s.

Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao kwetu ulikuja kuwa "Mungu Ibariki Afrika," aliuandika kwa solfa. Wapo Wawelshi wanaodai kwamba aliuchota kwenye tenzi ya Joseph Parry iitwayo "Aberystwyth," iliyochapishwa mwaka 1879. Nimeziimba zote mbili mara nyingi nikizilinganisha. Ile ya Parry ina huzuni ya *la*, ya Sontonga inasimama juu ya *do*, na sikuona moja ikizaa nyingine. Kinachoziunganisha ni maandishi, na hilo kwangu ni kubwa zaidi: mtoto wa mabonde ya Wales na mtoto wa Afrika Kusini wangeweza kubadilishana karatasi na kila mmoja akaimba ya mwenzake.

Ukumbi wenyewe unaitwa Wales Millennium Centre, umefunguliwa mwaka 2004 pale bandarini, karibu na mtaa ambako mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni waliweka makazi zama za meli za makaa. Kuta ni za mawe ya slati ya rangi mbalimbali, na juu ya mlango kuna paa la chuma la rangi ya shaba. Ndani ya chuma hicho yamekatwa maneno makubwa, upande mmoja Kiwelshi, upande wa pili Kiingereza, na kila herufi ni dirisha. Usiku taa za ndani zinatoka kupitia herufi. Tulipofika Mzee alisimama kwenye mvua kuyasoma yale ya Kiwelshi kwa sauti, taratibu, na mimi nikasubiri nikiwa nimemshika kiwiko.

Ukumbi mkubwa una viti kama 1,900. Opera iliimbwa kwa Kifaransa, lugha iliyotungiwa, na juu ya jukwaa palikuwa na ubao wa tafsiri wa Kiwelshi na Kiingereza pamoja. Nililipenda hilo. Nimetoka mahali ambapo ibada moja hupita kwenye Kiswahili, Kijita na Kiingereza bila mtu kugeuza shingo, kwa hiyo nilijisikia nyumbani kuona lugha mbili zimepangwa pale juu zikisubiri ya tatu. Mzee alisoma mstari wa Kiwelshi. Mimi nilisoma wa Kiingereza.

Hadithi ni ya Palermo, mwaka 1282, Wafaransa wanaitawala Sicilia. Historia inasema Jumatatu ya Pasaka, tarehe 30 Machi, saa ya sala ya jioni, watu wa Palermo waliwageukia Wafaransa wakawaua. Ndani ya historia hiyo watunzi wa maneno, Eugène Scribe na Charles Duveyrier, wamemweka Hélène, ambaye kaka yake ameuawa na watawala, na Henri, kijana asiyemjua baba yake, halafu anagundua kwamba baba ni gavana mwenyewe, Montfort, aliyemtwaa mama yake kwa nguvu. Yupo pia Procida, mpigania uhuru anayerudi kwa siri kutoka uhamishoni.

Hii ndiyo iliyoitwa opera kuu, opera ya Paris: sehemu tano, kwaya kubwa, historia yenye damu, na lazima dansi katikati. Bila dansi matajiri wa Paris wasingekuja. Verdi alitunga dansi ya misimu minne ya mwaka, karibu nusu saa, na usiku ule ilichezwa na National Dance Company Wales. Walicheza vizuri sana. Mimi lakini nilikuwa nikiisubiri kwaya irudi.

Kwa sababu hapo mapema, mwishoni mwa sehemu ya pili, nilikuwa nimesikia kitu ambacho sijakisahau hadi leo. Vijana wa Sicilia wanacheza ngoma ya uchumba ufukweni. Askari wa Kifaransa wanawavamia, wanawachukua wachumba, wanaondoka nao. Wanaume wanabaki wamesimama. Ndipo wanapoanza kuimba kwa kunong'ona. Herufi zimekatwakatwa, neno linatoka nusu, pumzi, nusu nyingine, kama mtu anayeongea huku amekaza meno. Kwaya nzima inanong'ona na bado unasikia kila sauti. Halafu kutoka baharini inapita mashua ya mabwana wa Kifaransa na wanawake wao waliovaa vizuri, na wao wanaimba wimbo laini wa kubembea juu ya maji, hawajui lolote. Nyimbo mbili zinapanda pamoja. Ule mtamu uko juu. Ule wa hasira uko chini.

Kama hujawahi kuimba besi huenda usione ugumu wake. Kuimba kwa nguvu ni kazi ya kifua. Kunong'ona watu wengi pamoja, kwa haraka, bila kuchelewana hata nukta moja, na juu yako kuna wimbo mwingine unaokuvuta uufuate, hiyo ni kazi ya miaka ya kukaa benchi moja na watu wale wale. Kondakta Carlo Rizzi alikuwa ameinamisha mwili kama anayemlaza mtoto. Nilimwangalia Mzee. Macho yake yalikuwa yamefumba, na kidole chake kilikuwa juu ya ukurasa, kwenye penseli, kikisogea. Alikuwa akiimba bila sauti. Hakupitwa hata na pumzi moja.

Procida aliimbwa na Wojtek Gierlach, besi kutoka Poland, na wimbo wake wa kuusalimu mji wa Palermo baada ya miaka ya uhamisho ni wimbo ambao mtu yeyote aliyekaa mbali na kwao ataumia nao. Mimi niliumia. Lakini Procida huyo huyo ndiye anayewachochea askari wa Kifaransa wawabebe wale wachumba. Anataka watu wake wakasirike, na anaona hasira haitakuja bila wanawake kuchukuliwa. Niliposoma hilo kwenye ubao wa tafsiri nilitaka kusimama. Sisi tumelelewa kwenye hadithi za kupigania uhuru na tunawaheshimu walioupigania, na hapa kuna mtu anayeipenda nchi yake kwa dhati na yuko tayari kuwatumia mabinti zake kama kuni. Verdi hakumhukumu. Amempa wimbo mzuri kuliko wote, kisha akatuachia sisi uzito.

Mwongozaji David Pountney aliliweka jukwaa ndani ya fremu kubwa zilizokuwa zikisogezwa, mara zikawa jumba, mara gereza. Hélène aliimbwa na Anush Hovhannisyan, na tangu sehemu ya kwanza, pale askari anapomlazimisha aimbe ili awaburudishe, naye akaugeuza wimbo kuwa wa kuwaamsha watu wake, nilimwamini kabisa. Mapenzi yake na Henri sikuyaamini vile. Hakupewa muda wa kumpenda. Kila mara kuna mtu anaingia na habari ya kifo. Katika sehemu ya nne wako gerezani, watawa wanaimba zaburi ya wafu kutoka nyuma ya jukwaa, mnyongaji amesimama, na gavana anamwambia kijana kwamba atawasamehe wote kwa neno moja tu: amwite baba. Neno linapotoka okestra inaachia pumzi iliyokuwa imeizuia muda wote. Na sehemu ya tano inakwenda mbio. Harusi, kengele za harusi, na kengele hizo ndizo ishara ya mauaji. Bibi harusi anajua. Anakataa kuolewa ili kengele zisilie, na gavana, kwa furaha ya kumpata mwana, anawaunganisha mikono kwa nguvu na kuamuru zipigwe. Kwaya inamwagika jukwaani. Baada ya saa zote zile, mauaji yenyewe ni sekunde chache tu, na pazia.

Wakati wa mapumziko nilimletea Mzee chai, naye akanieleza ya zamani. Kampuni ilianzishwa mwaka 1943, vita ikiendelea, na Idloes Owen, mwalimu wa uimbaji aliyewahi kufanya kazi mgodini akiwa mvulana. Usiku wa kwanza ulikuwa Aprili 1946. Waimbaji wakuu walilipwa kidogo. Wanakwaya hawakulipwa kabisa. Walikuwa wachimbaji, walimu, makarani, wauza duka. Mwaka 1952 walifanya *Nabucco*, opera ambayo wakati huo ilikuwa imesahaulika Uingereza, na kwaya ile ya wafanyakazi ikaifanya kampuni ijulikane. Ndipo mwaka 1954 wakaichukua hii ya Sicilia, kwa Kiingereza siku hizo. London wenyewe hawakuwa wakiigusa.

"Kwa nini mlichagua hizo?" nilimuuliza.

"Kwa sababu ya kwaya," alisema. "Kampuni nyingine zilitafuta waimbaji wakubwa, kisha zikatafuta kwaya ya kuwasindikiza. Sisi kwaya tulikuwa nayo tayari. Tulitafuta opera inayoihitaji."

Nimelibeba jibu hilo miaka yote hii. Opera ya mkoani haishindani na miji mikuu kwa majina ya waimbaji, kwa sababu majina yananunuliwa na mji mkuu una fedha zaidi. Kwaya hainunuliwi hivyo. Inakua mahali pamoja, kwa watu wanaojuana pumzi. Wale Wasicilia waliokuwa wakinong'ona jukwaani walisikika kama watu wa mji mmoja kwa kuwa kweli ni watu wa mji mmoja.

Aliniambia pia kuhusu penseli. Wengi wao hawakuweza kusoma noti za mistari mitano. Walisoma solfa tu, kama walivyofundishwa kanisani. Kwa hiyo kila mtu alikaa na kitabu chake na kukiandika upya, noti kwa noti, kutoka mistari kwenda herufi. Yeye alimaliza kurasa zake majira ya baridi mezani kwa mama yake. Jukwaani hakuna aliyejua. Watu walisikia Verdi.

Wiki chache baadaye kumbi zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na mimi nikawa nashinda na kulala hospitalini. Sikuona opera nyingine kwa muda mrefu. Mzee alipona salama, ndani ya nyumba yake, na jioni nilipopita alinipungia kitabu dirishani.

Kisha Novemba 2022 Baraza la Sanaa la England likapunguza ruzuku yake kwa kampuni hii kwa asilimia 35, kutoka pauni milioni 6.1 kwa mwaka hadi milioni 4. Ruzuku ya Wales nayo ikapungua. Ziara za baadhi ya miji zikafutwa. Na ilipofika 2024, mapendekezo ya kubana matumizi yalifika kwenye kwaya yenyewe: idadi yake, na mishahara ya wanakwaya. Septemba mwaka huo wanakwaya na wapiga ala walipokea makofi wakiwa wamevaa fulana za kuomba opera yao iokolewe.

Naelewa kwamba fedha ni chache. Nafanya kazi hospitalini, naona kila siku mahali zinapokosekana. Lakini kuanzia kwaya ndiko kunakonisumbua. Mwimbaji mkuu ukimkosa mwaka huu utamwita mwakani kwa ndege. Sauti ya nne ukiitawanya, ukaja kuihitaji baada ya miaka mitano, utampata nani anayekumbuka mwenzake anapumulia wapi?

Nilimsomea Mzee habari hiyo gazetini kwa kuwa macho yake sasa hayamsaidii. Alinyamaza hadi mwisho. Halafu akaniomba nifungue kabati, nitoe ule mfuko wa nailoni. Akatafuta ukurasa kwa vidole, kwa unene wa kurasa zilizopita, akaupata.

"Una simu. Piga picha. Mpelekee yule mwalimu wako."

Nikapiga picha ule ukurasa wa ufukweni, besi, penseli ya mwaka 1954. Nikamtumia Mwalimu Musoma kwa WhatsApp: "Shikamoo Mwalimu. Hii ni sauti ya nne ya watu wa huku." Sikuandika zaidi.

Jibu lilikuja kesho yake alfajiri, sauti ya dakika moja na nusu. Kwanza kuku, kisha pikipiki ikipita. Kisha Mwalimu akajipa *do*, kimya kifupi, akaanza. Aliimba herufi, pole pole mara ya kwanza, mara ya pili kwa haraka, na bila kuambiwa na mtu akashusha sauti hadi ikawa karibu na kunong'ona, maana zile noti zenyewe zilimwonyesha. Niliiweka simu sikioni mwa Mzee. Kidole chake kikaanza kusogea juu ya blanketi.

Mwishoni Mwalimu alikohoa kidogo. "Marahaba, mwanangu. Noti nimezishika. Sasa nitumie maneno."